Amri ya Kulia na Kushoto Ndani ya Metali

Kila askari aliyepita uwanja wa gwaride anaijua amri ya kulia geuka. Hebu tufikirie mstari mrefu wa askari, kila mmoja akiwa amegeuka kidogo tu kuliko mwenzake wa mbele. Ukiwatazama toka mwanzo hadi mwisho, nyuso zao zinazunguka kama hesi za skrubu, ama kwa mkono wa kulia, ama kwa mkono wa kushoto.

Ndivyo zilivyojipanga atomu katika baadhi ya metali, na kila atomu ni sumaku ndogo. Mtaalamu wa Japani, Akio Yoshimori, alikuwa miongoni mwa walioueleza mpango huo mwaka 1959. Kwa kuwa sumaku hizo zinaelekea pande zote, nguvu zao hubatilishana, na kipande kizima hakivuti hata msumari.

Shida ilikuwa moja. Katika nyingi za metali hizo mikono yote miwili ina haki sawa, hivyo kulia na kushoto huchanganyika. Sumaku peke yake haichagui mkono, wala umeme peke yake hauchagui. Mwaka 2020, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walitangaza kwamba wametumia vyote viwili kwa pamoja katika mchanganyiko wa manganisi na fosforasi. Mkondo wa umeme na nguvu ya sumaku vikielekea upande mmoja, hutokea mkono mmoja. Vikielekeana kinyume, hutokea wa pili. Lakini mchanganyiko huo ulihitaji baridi ya zaidi ya digrii 220 chini ya sifuri. Mwaka 2024 amri hiyo ilitiiwa katika joto la kawaida la chumbani, ndani ya utando mwembamba wa manganisi na dhahabu.

Jambo hili linatuhusu. Kulia ikiwa moja na kushoto ikiwa sifuri, kumbukumbu inaweza kuandikwa. Kanda ya sumaku hufutika ikikaribiwa na sumaku kali, na askari anaijua hasara ya kupoteza alama za vidole au orodha ya silaha. Mpangilio wa mzunguko hausumbuliwi kwa urahisi na sumaku ya jirani, wala haumsumbui jirani yake.

Kazi hii ingali ya maabara. Hadi itakapotoka humo, mtunza kumbukumbu na aendelee kuweka kanda zake mbali na sumaku.