Zamu ya Usiku: Utangulizi wa Falaki ya Ridhaa

Usiku wa tarehe 23 Julai 1995, kundi la marafiki lilikuwa jangwani Arizona, Marekani, likipokezana darubini. Mmoja wao, Thomas Bopp, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya vifaa vya ujenzi na hakuwa na darubini yake mwenyewe. Ilipofika zamu yake ya kuchungulia, darubini ya rafiki yake ilikuwa imeelekezwa kwenye fundo la nyota liitwalo M70, katika kundinyota la Mshale. Kando ya fundo lile akaona doa hafifu ambalo halikuwamo kwenye ramani. Usiku huohuo, huko New Mexico, mwanafalaki Alan Hale naye alikuwa ameliona. Ndivyo ilivyogunduliwa nyota-mkia ya Hale-Bopp, ambayo baadaye ilionekana kwa macho matupu kwa takriban miezi 18.

Tazama Bopp alikuwa na nini usiku ule. Alikuwa na wenzake wenye hamu kama yake, ramani nzuri, na mazoea ya kuuliza kila anapoona jambo asilolielewa. Hayo matatu ndiyo ambayo klabu ya falaki humpa mwanachama wake, na hayo ndiyo mlango wa uwanja ninamokukaribisha. Darubini ni jambo la nne, na hiyo unaweza kuazimwa.

Falaki ya ridhaa ni uchunguzi wa anga unaofanywa na watu wasiolipwa kwa kazi hiyo: walimu, wauguzi, mafundi umeme, wanafunzi, wastaafu. Uwanja huu una heshima ya miaka mingi. William Herschel alikuwa mwanamuziki mjini Bath, Uingereza, alipoigundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Hata leo, wakati vituo vikubwa vina vioo vya mita 8 na 10, bado kuna kazi zinazowahitaji watu wa ridhaa. Darubini kubwa hugawiwa kwa saa chache kwa kila mtafiti, nayo huona kipande kidogo cha anga. Mtu wa ridhaa anaweza kurudi kwenye nyota ileile kila wiki, mwaka baada ya mwaka, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Klabu nyingi hukutana mara moja kwa mwezi, na kikao huwa na sehemu mbili. Ya kwanza hufanyika ukumbini au darasani. Mwanachama mmoja hueleza anga la mwezi huo: Zuhura iko upande gani, Mshtarii inachomoza saa ngapi, kuna vimondo vya kungojea au la. Baada yake hufuata mhadhara mfupi, na baada ya mhadhara, maswali. Usiogope kuuliza swali dogo. Kwa nini nyota humeta na sayari hazimeti sana? Swali hilo lina jibu zuri: nyota iko mbali mno hata ikawa nukta tu, na hewa yetu inayochezacheza huiyumbisha nuru yake. Sayari ina upana kidogo, hivyo misukosuko ya hewa hufutana.

Sehemu ya pili ni uwanjani, na tarehe yake hupangwa kwa kalenda ya mwezi. Wageni hualikwa mwezi ukiwa nusu, kwa sababu jua likiupiga kwa upande, vivuli vya milima na mashimo ya mwezi hurefuka na kuonekana vizuri. Kwa kutafuta galaksi na mawingu ya gesi, wanachama huchagua usiku usio na mwezi kabisa na huenda mbali na taa za mji. Huko kuna adabu zake. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mmoja wa simu huiharibu kazi hiyo yote; kwa hiyo kurunzi hufunikwa plastiki nyekundu. Kitu hafifu hakitazamwi moja kwa moja, bali kwa pembe ya jicho, ambako macho yetu hupokea nuru ndogo zaidi. Na mchana, darubini haielekezwi kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake. Jua hupofusha kwa sekunde, na kanuni hii haina msamaha.

Kuhusu vifaa, anza na macho yako. Miezi miwili ya kujifunza makundinyota kwa macho matupu ina faida kuliko darubini ya bei nafuu inayotikisika. Kinachofuata ni darubini ya macho mawili, ile ya 7x50 au 10x50, ambayo ukiishikilia imara huonyesha miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Pete za Zohali zinahitaji ukuzaji zaidi, takriban mara 30 na kuendelea. Hapo ndipo tunapomshukuru John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco. Alisugua vioo vyake mwenyewe kutokana na vioo chakavu, akavitia ndani ya mirija ya karatasi ngumu, kisha akaiweka juu ya kiti cha mbao kinachozunguka kwa mkono. Mwaka 1968 alishiriki kuanzisha kikundi kilichopeleka darubini hizo barabarani ili kila mpita njia achungulie bure. Muundo wake umeenea duniani kote, na fundi seremala wa mtaa wowote anaweza kuujenga akipata kioo.

Tukija kwenye anga letu wenyewe, msomaji wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo wengi hawaijui. Mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini maisha yake yote akiwa kwake. Mtu wa Dar es Salaam, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, huuona Msalaba wa Kusini na huziona pia nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa kaskazini. Karibu anga zima hupita mbele yake katika mwaka mmoja. Masika hufunga mbingu kwa mawingu, lakini kuanzia Juni hadi Septemba maeneo ya bara kama Dodoma na Singida huwa makavu, na wakati huohuo kitovu cha galaksi yetu, kilichoko upande wa Mshale, hupanda juu sana angani. Watu wa Ulaya kaskazini hukiona chini sana karibu na upeo, au hawakioni kabisa.

Elimu hii pia si ngeni kwetu. Wakulima wa pwani walilifuata kundi la nyota liitwalo Kilimia: kinapozama magharibi jioni, masika yako katikati, kinapochomoza mashariki jioni, vuli imefika. Manahodha walivuka bahari kwa nyota. Na kila mwaka, Ramadhani inapokaribia, maelfu ya watu hupanda juu ya mapaa na kwenda ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo. Sayansi ina la kuchangia hapo. Mwanafalaki wa Ufaransa André Danjon alionyesha katika karne ya 20 kwamba mwezi ukiwa umbali wa chini ya takriban nyuzi 7 kutoka kwenye jua, hilali haionekani kwa macho. Klabu haitoi hukumu ya dini. Hiyo ina wenyewe. Lakini klabu inayoandika kila mwezi mahali, saa, hali ya mawingu na kama hilali ilionekana au haikuonekana, inaiwekea jamii yake kumbukumbu yenye thamani.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika uwanja huu ni kufuatilia nyota zinazobadilika mwangaza. Mtazamaji huilinganisha nyota anayoichunguza na mbili za jirani ambazo mwangaza wake unajulikana, moja ikiwa angavu zaidi na nyingine hafifu zaidi, kisha hukadiria iko wapi kati ya hizo mbili. Huandika namba moja, tarehe na saa. Namba moja peke yake haisemi mengi. Maelfu yake huchora maisha ya nyota. Mwaka 1911 mwanasheria William Tyler Olcott alianzisha nchini Marekani jumuiya ya watazamaji wa nyota hizi, AAVSO, na hazina yake leo ina makadirio kwa makumi ya mamilioni kutoka pembe zote za dunia. Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, nyota nyekundu ya begani mwa kundinyota la Jabari, ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imebaki na kama theluthi moja ya mwangaza wake wa kawaida. Ilikuwa imetupa gesi iliyopoa na kuwa vumbi, na vumbi hilo likaifunika. Mabadiliko hayo yalionekana wazi kwa macho matupu, na Jabari lilikuwa juu ya paa zetu kila jioni.

Umuhimu wa mahali tulipo unaonekana hapa. Mwezi Februari 1987 nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu iliyo umbali wa takriban miaka ya mwanga 168,000. Tangu mwaka 1604 haikuwahi kuonekana supanova angavu kiasi hicho. Walioigundua kwanza walikuwa kwenye kituo kikubwa nchini Chile, lakini miongoni mwa waliofuata baada ya saa chache tu alikuwa Albert Jones wa New Zealand, mtu wa ridhaa aliyefanya zaidi ya makadirio 500,000 ya mwangaza wa nyota maishani mwake. Chile ilipofikiwa na asubuhi, New Zealand iliingia gizani na kushika lindo.

Hivyo ndivyo anga linavyolindwa: kwa zamu. Usiku huizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, na kila longitudo ina saa zake za ulinzi. Kati ya Australia na Amerika Kusini, ardhi kubwa iliyo chini ya anga la kusini ni Afrika. Wenzetu wa Afrika Kusini wamekuwa na chama chao cha falaki tangu 1922. Hata hivyo Juni hadi Agosti ni majira ya mvua Cape Town, wakati mbingu za Dodoma ziko wazi. Mawingu yao yakishuka, zamu ni yetu, na tusipokuwepo, lindo hubaki wazi. Hii ndiyo sababu naiona klabu ya mtaani kuwa kituo cha sayansi, hata kama haina jengo.

Kazi nyingine ya klabu ni kuwaonyesha wengine. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete, watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Siku kama hiyo huhitaji watu waliojiandaa mapema kugawa miwani salama, au kioo cha kuchomelea namba 14, na kueleza kwa utulivu kinachotokea ili hofu iwe elimu. Pete itapita tena Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Mwanafunzi wa darasa la tatu leo anaweza kuwa mwelekezaji siku hiyo, akianza sasa.

Basi anza hivi. Nunua daftari lenye jalada gumu. Kila utokapo usiku andika tarehe, saa, mahali, hali ya mbingu, kifaa ulichotumia na ulichokiona, hata kama ni mawingu tu. Tafuta klabu iliyo karibu. Isipokuwepo, watu watatu na uwanja wa shule wenye giza wanatosha kuianzisha. Chagueni nyota moja inayobadilika, kubalianeni nani ataitazama usiku gani, na mwisho wa mwezi kila mmoja alete daftari lake kikaoni mlinganishe. Makadirio yenu yatatofautiana mwanzoni, na mkiendelea yatakaribiana. Yakishakaribiana, yatumeni kwenye hazina ya dunia, kwa sababu kuanzia hapo mtakuwa mmeingia zamu.