Upangaji wa Waya na Nanga za Mnara wa Redio katika Wilaya za Handeni na Korogwe
Makala haya yanafafanua upangaji wa waya zinazoshikilia mnara wa redio na nanga zake wilayani Handeni na Korogwe. Mnara wa mita 60 ukishikiliwa pande tatu zilizoachana kwa nyuzi 120, nanga huweza kuwekwa mita 42 kutoka kitako. Ufinyu wa kiwanja ukizisogeza hadi mita 20, upepo uleule huikaza waya ya juu takribani mara 1.8, na mgandamizo ambao waya hiyo huutia mnarani huzidi maradufu. Kwenye miteremko ya Handeni, nanga ya upande wa chini husogezwa mbali zaidi ili kulinda pembe. Katika bonde la Mto Pangani, Korogwe, udongo uliolowa hupunguza ushikaji, hivyo zege huongezwa uzito. Kwa hiyo, eneo la nanga lipimwe kabla ya kiwanja kununuliwa.