Sakafu ya mninga ina faida, lakini mpakani ni kibali kwanza

SEBULE nyingi zinazomaliziwa sasa katika miji ya Afrika Mashariki zimekusanya mali za nchi zaidi ya moja. Sakafu ni ya mninga uliopasuliwa magharibi mwa Tanzania. Ukutani kuna ubao wa imigongo kutoka wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, na kando yake kipande cha lubugo kilichopondwa huko Buganda. Kopo la rangi limetoka kiwandani katika nchi ya nne.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hiyo ni habari njema. Mwenye nyumba akishamaliza paa na plasta, huwa bado ana fedha za kutumia, na vitu anavyovitafuta mara nyingi vinapatikana kwa jirani. Tatizo ni kwamba bidhaa hizi hazifanani mbele ya ofisa wa forodha. Ubao wa imigongo unaweza kupita kwa karatasi moja. Mbao za sakafu zinaweza kuzuiwa mzigo mzima, na mtaji ukabaki uani mwa kituo.

Miti mitatu iliyobadilishiwa masharti

Novemba 2022, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, zilikutana Panama. Moja ya maamuzi yao liligusa moja kwa moja soko la mbao la ukanda huu. Jamii zote za Afrika za miti ya Pterocarpus, Afzelia na Khaya ziliingizwa katika Orodha ya Pili ya mkataba, na masharti yakaanza kutumika Februari 2023.

Majina hayo ya kitaalamu yanaweza kuonekana mageni, lakini miti yenyewe inajulikana na kila fundi. Pterocarpus angolensis ndio mninga. Afzelia quanzensis ndio mkongo, ambao watu wa pwani ya Kenya wanauita mbambakofi. Khaya ni mkangazi, ambao sokoni huuzwa kwa jina la mahogani.

Kuwekwa katika Orodha ya Pili hakumaanishi kwamba biashara imepigwa marufuku. Maana yake ni kwamba mzigo hauwezi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali cha CITES kinachotolewa na nchi unakotoka, baada ya nchi hiyo kujiridhisha kwamba mbao zilivunwa kihalali na kwamba uvunaji hauhatarishi uhai wa miti hiyo. Mpaka wa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nao ni mpaka kwa mujibu wa mkataba huo. Kusafirisha mbao za mninga kutoka Tanzania kwenda Kenya kunahitaji kibali sawa na kuzipeleka Ulaya.

Wauza mbao za sakafu wana la ziada la kuangalia. Masharti hayo yanahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, veneya, plaiwudi na mbao zilizochongwa. Kundi hilo la mwisho linataja wazi vibao vya sakafu ambavyo havijaunganishwa, vikiwemo vilivyochongwa ulimi na mfereji ili vishikane. Kwa hiyo, kupitisha mbao kwenye mashine ya randa na kuzifunga vizuri kama bidhaa ya dukani hakumwondolei mwenye mzigo haja ya kibali.

Fanicha iliyokamilika, kama meza, kabati au kitanda, haimo katika kundi hilo. Hapo ndipo nafasi ya fundi seremala inapofunguka: ubao uleule ukivuka mpaka ukiwa meza, hautaki kibali cha CITES. Hata hivyo sheria za misitu za kila nchi zinabaki palepale, na hati ya kusafirishia mazao ya misitu pamoja na risiti ya ununuzi bado vinaweza kudaiwa njiani.

Ukanda huu umeshapita njia ya namna hii. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilibebwa kwa majahazi kutoka Lamu na visiwa vya jirani kwenda nchi za Ghuba. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti hizo nje ya nchi. Waliokuwa wakitegemea boriti pekee walipoteza soko, ilhali ufundi wa Lamu wa kuchonga milango na samani uliendelea kupata wateja.

Jina la mtaani halitoshi

Makosa mengi yanaweza kuanzia kwenye jina. Mahogani ni jina linalobandikwa miti zaidi ya mmoja sokoni, na mingine haimo kabisa katika orodha. Ofisa wa mpakani husoma jina la kitaalamu. Risiti iliyoandikwa "mbao ngumu, vipande 200" haimsaidii yeye wala mwenye mzigo. Anayenunua anapaswa kudai risiti yenye jina la mti, jina lake la kitaalamu, ujazo kwa mita za ujazo na mahali mbao zilikotoka.

Ipo pia miti mbadala ambayo haimo katika orodha hiyo. Mtiki wa mashambani, kama ule wa Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, unatoa sakafu nzuri ya rangi ya asali. Mvule, unaojulikana sana Uganda na Kongo, nao hauko katika orodha ya CITES, ingawa sheria za ndani zinaulinda katika baadhi ya nchi. Kwa dari na kuta za mbao, misindano ya Sao Hill wilayani Mufindi ni nyepesi na haina mzozo wa kibali cha CITES. Zote hizi, zikiwa mbao zilizopasuliwa, huweza kuhitaji cheti cha afya ya mimea. Kwa Tanzania hutolewa na TPHPA, na kwa Kenya na KEPHIS.

Ubao mbichi hurudi kwa aliyeuza

Baada ya kibali, hasara ya pili inatokana na maji. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi, na ubao unapokauka husinyaa kwa upana. Sakafu ya ndani ya nyumba inataka mbao zilizokaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 10 hadi 14, kutegemea hali ya hewa ya mahali nyumba ilipo.

Hesabu ni rahisi. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye vibao vya upana wa milimita 100 kina vibao 40 kukatisha upande wa mita 4. Kila kibao kikisinyaa milimita 2 tu baada ya kupigiliwa, jumla ya nyufa ni milimita 80, yaani sentimita 8 za uwazi ambazo mteja atazitazama kila siku. Anayepigiwa simu kwanza ni aliyeleta mbao.

Safari ya mzigo nayo ina mchango wake. Ubao uliozoea hewa ya unyevu ya kando ya Ziwa Victoria ukipelekwa Nairobi au Arusha wakati wa kiangazi utasinyaa. Ule uliokaushwa bara ukiwekwa Mombasa au Dar es Salaam utavimba, na sakafu isiyoachiwa nafasi kwenye kingo za ukuta inaweza kuinuka katikati. Ndiyo maana mafundi wazuri huacha uwazi wa sentimita moja hivi pembeni, wakaufunika kwa ubao wa kingo, na huziweka mbao ndani ya nyumba husika kwa siku kadhaa kabla ya kupigilia. Mninga unasifika kwa kutulia, kwani husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake.

Kipima unyevu kidogo cha mkononi kinatosha kumlinda mnunuzi. Anayekataa mbao zake zipimwe ameshajibu swali.

Kwa chumba hicho cha mita za mraba 20, fundi huongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa, na kufanya mita za mraba 22. Vibao vikiwa na unene wa milimita 22, mzigo ni karibu nusu mita ya ujazo. Wateja wawili au watatu wa aina hiyo wanajaza gari dogo, na ni vizuri hesabu ya kibali ifanywe kwa pamoja kabla ya gari kukodiwa.

Rangi: kikomo ni 90

Mteja akishapata sakafu ya mbao nyeusinyeusi, mara nyingi anataka ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa ili chumba kisijifunge. Wenyeji wa miji mikongwe ya pwani walilijua hilo zamani. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta zilipakwa chokaa nyeupe ili kusambaza mwanga mdogo uliopita.

Rangi nyeupe ya maji haina hatari kubwa. Wasiwasi uko kwenye rangi za mafuta zenye kung'aa, hasa za njano, nyekundu na nyingine kali, ambazo zinaweza kutengenezwa kwa madini ya risasi. Viwango vya rangi vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Rangi inapochakaa na kuwa vumbi, watoto wanaotambaa ndio wanaoimeza, na madhara yake kwenye ubongo hayarudi nyuma.

Risasi haionekani kwa macho wala haina harufu ya kuitambulisha. Mfanyabiashara anachoweza kufanya ni kununua makopo yenye alama ya ubora ya TBS, KEBS, UNBS au shirika la viwango la nchi husika, na kukataa rangi iliyohamishiwa kwenye kopo lisilo na maandishi. Mzigo usio na alama unaweza kukamatwa na kuharibiwa.

Kununua ndani ya Jumuiya kuna faida nyingine. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa forodha una daraja la asilimia 35, na samani, bidhaa za kauri na rangi zimo ndani yake zinapotoka nje ya Jumuiya, isipokuwa pale nchi inapopewa ruhusa ya kutoza tofauti. Bidhaa iliyotengenezwa katika nchi mwanachama na yenye cheti cha uasili haitozwi ushuru huo.

Mapambo mepesi kwa mtaji mdogo

Kwa mwenye mtaji mdogo, ukuta unaweza kuwa mlango bora kuliko sakafu. Imigongo, michoro ya pembe na mistari inayoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo, inatengenezwa na vikundi vya wanawake katika wilaya hiyohiyo ya Kirehe ambako kituo cha mpakani cha Rusumo kipo. Ubao wake ni mwepesi na hauozi njiani.

Lubugo la Uganda nalo hubanduliwa kwenye gome la mti wa mutuba bila kuuua, shina likafungwa majani ya mgomba hadi gome jipya liote. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Siku hizi kitambaa hicho hutumika kufunika kuta, taa na migongo ya vitanda.

Mizigo ya namna hii isiyozidi dola 2,000 za Marekani inaweza kupita kwa utaratibu rahisi wa biashara, ambao cheti chake cha uasili hupatikana palepale kituoni, mradi bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakifuti kibali cha CITES, cheti cha afya ya mimea wala alama ya ubora, na ndiyo maana gari lililobeba imigongo 30 na vibao 50 vya mninga linaweza kuruhusiwa nusu na kuzuiwa nusu.