Saketi imegoma? Kabla ya kununua kipuri kingine, pima haya

Chukua mfano huu. Ni saa tatu usiku, maonyesho ya sayansi shuleni ni kesho kutwa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu amemaliza kuunga mtambo wake wa kumwagilia mche: Arduino Uno, kihisi cha unyevu wa udongo, pampu ndogo na taa ya LED ya kuonyesha kwamba pampu imewashwa. Anachomeka. Taa haiwaki. Pampu inashtuka mara moja, kisha kimya.

Wengi wakifika hapo husema kitu kimoja: "Hii imeungua." Kesho yake ni nauli ya kwenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa aliye Nairobi, pesa ya kipuri kipya, na kikishafungwa nacho kinagoma vilevile.

Kwenye saketi za kujifunzia, zile za volti 5 au 9, kipuri kilichokufa si cha kushukiwa kwanza. Mara nyingi shida ni waya uliokaa tundu la jirani, betri iliyochoka, au nyaya mbili za hasi ambazo hazijawahi kukutana.

Umeme unafika?

Swali hili halihitaji utaalamu. Linahitaji mita, hata ile ya bei ya chini kabisa.

Waya mweusi wa mita unachomekwa kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu lenye alama ya V na Ω. Swichi inazungushwa hadi volti za DC, kipimo cha 20. Hapo kuna mtego: waya mwekundu ukisahaulika kwenye tundu la 10A halafu mtu akapima betri, mita inageuka kuwa shoti. Mita nyingi za bei rahisi hazina fyuzi kwenye tundu hilo.

Kinachofuata ni kutembea na umeme kuanzia unakotoka. Pima kwenye betri yenyewe, halafu pale nyaya zinapoingia kwenye ubao, halafu kwenye miguu ya kipuri chenyewe. Ukipata volti 9 hapa na sifuri pale, kosa liko katikati ya sehemu hizo mbili. Hakuna haja ya kugusa kwingine.

Na betri ipimwe ikiwa inafanya kazi. Betri ya mraba ya volti 9, ile ya kwenye maikrofoni zisizo na waya, inaweza kusoma karibu 9 ikiwa peke yake mezani, lakini ikibebeshwa mota ikashuka vibaya. Hapo betri ndiyo mgonjwa, hata kama namba ya kwanza ilikuwa nzuri.

Ubao mweupe una siri yake

Bredibodi, ule ubao mweupe wenye matundu, huwachanganya wengi kwa sababu kinachounganisha matundu kiko chini, hakionekani. Matundu matano ya mstari mmoja ni kitu kimoja. Mfereji wa katikati unatenganisha upande na upande, ndiyo maana IC hukaa ikiwa imepanda mfereji huo, miguu huku na huku.

Miguu yote miwili ya rezista ikiingia kwenye mstari mmoja wa matundu matano, rezista hiyo ni kama haipo.

Siri kubwa zaidi iko pembeni, kwenye ile mistari mirefu ya chanya na hasi. Katika baadhi ya bredibodi mistari hiyo imekatika katikati. Nusu ya juu ina umeme, nusu ya chini ni matundu tu. Wakati mwingine mchoro mwekundu au wa buluu nao umeachwa wazi hapo katikati, lakini nani anaangalia?

Zima umeme, weka mita kwenye alama ya mlio, gusa tundu la juu kabisa na la chini kabisa la mstari mmoja. Isipolia, waya mfupi wa kuruka pengo unamaliza kazi.

LED na rezista yake

LED ina upande. Mguu mrefu ni chanya. Miguu ikiwa imeshakatwa, papasa ukingo wa kofia yake: LED nyingi za duara zina sehemu iliyobapa, na huo ndio upande wa hasi. Ukiigeuza kwenye saketi ndogo kwa kawaida haifi, inakataa tu kuwaka.

Kinachoiua ni kuipeleka betri bila rezista. LED nyekundu hujichukulia kama volti 2. Kwa betri ya volti 9 zinabaki 7, na rezista ya omu 470 inaruhusu takriban miliampia 15 kupita. Hiyo inatosha kabisa.

Ila rezista nazo zinadanganya macho. Omu 470 ni njano, zambarau, kahawia. Njano, zambarau, njano ni omu 470,000, na hapo LED haitaonekana kuwaka. Usiku, chini ya taa hafifu, kahawia na njano iliyofifia hukosewa sana, na zile rezista za buluu zenye mistari mitano ndiyo balaa zaidi. Itoe kwenye saketi, ipime.

Pampu inashtuka, halafu kimya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu dalili inafanana kabisa na ya ubao uliokufa.

Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko ikishakolea. Ikiwa inakula umeme kutoka kwenye Arduino yenyewe, volti zinashuka ghafla, Arduino inazimika na kuanza upya, inaiwasha pampu tena, inaanguka tena. Kuna ushahidi: kijitaa chenye alama ya L kwenye Uno humeta kila ubao unapoanza. Kikimeta tena kila pampu inaposhtuka, programu haina kosa. Umeme hautoshi.

Wapo wanaounganisha pampu moja kwa moja kwenye pini. Pini ya Uno inapendekezwa itoe miliampia 20, na 40 ndiyo mwisho wake. Pampu, hata ile ndogo, hudai zaidi ya hapo. Huko sasa kuungua ni kweli.

Dawa yake ni kuipa pampu betri zake, kwa mfano nne za AA, na transista iwe mlango unaofunguliwa na pini kupitia rezista. Diodi ivuke miguu ya pampu, mstari wake ukiwa upande wa chanya, ili kumeza mshtuko mota inapozimwa. Halafu kile kinachosahaulika karibu kila mara: hasi ya betri za pampu na hasi ya Arduino lazima ziunganishwe. Bila hivyo, transista haina njia ya kusikia pini inasema nini.

"Haifanyi kazi" si taarifa

Anayeomba msaada na anayetoa wote wana sehemu yao.

Ujumbe wa "kaka saketi yangu haifanyi kazi" haumpi fundi pa kushika. Picha iliyopigwa kutoka juu, mchoro hata wa mkono, aina ya betri, volti zilizopimwa na wapi, nini kilitarajiwa na nini kimetokea: hivyo vinaweza kumaliza mazungumzo kwa dakika tano.

Anayesaidia naye ana vishawishi vyake. Cha kwanza ni kunyang'anya ubao na kung'oa nyaya zote aanze upya. Saketi itawaka, na dogo ataondoka bila kujua kosa lilikuwa wapi. Cha pili ni kusema "mbona rahisi tu". Kwa mtu aliyekesha nalo, neno hilo linauma. Mwachie mita mkononi, muulize, "Hapo umepata ngapi?" Na kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hata ikipona hakuna atakayejua ilikuwa inaumwa nini.

Haya yote ni ya betri. TV, redio ya ukutani au chaja ikifunguliwa, kuna umeme wa volti 230 na zaidi, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Hapo anayeanza aweke bisibisi chini. Betri ya simu iliyovimba nayo isijaribiwe kwenye mradi wowote.

Na yule mwanafunzi? Hasi ya LED ilikuwa nusu ya chini ya mstari, ng'ambo ya pengo. Pampu ilikuwa inakula kwenye Arduino. Waya mmoja mfupi, betri nne, hasi zikakutana. Taa ikawaka, pampu ikazunguka kwa kelele, maji hayakutoka. Ilikuwa ni pampu ya kuzamishwa, na bado ilikuwa mezani.