Mkono wa Gia Unaposema Uongo

Fundi akikuambia giaboksi imekufa, muulize kwanza kama ameinama kuitazama kebo. Swali hilo ni la bure. Giaboksi ya gari la spoti la miaka ya 1990 si ya bure, uwe Riyadh, uwe Jeddah, uwe umesimama Kirinyaga Road pale Nairobi.

Katika magari mengi ya zamani ya otomatiki, mkono wa gia ulio kati ya viti haugusi giaboksi kabisa. Baina yao kuna kebo: waya wa chuma unaoteleza ndani ya ala, jamaa ya ule wa breki za baiskeli, ila mnene zaidi, kwa kuwa lazima uvute na pia usukume. Ncha moja imeshikwa na mkono wa gia, ya pili imeshikwa na kijiti cha chuma ubavuni mwa giaboksi. Pale waya unapoungana na kijiti pana bushi ndogo ya plastiki au mpira, kitu cha kuingia kiganjani na kupotea. Mara nyingi hiyo ndiyo inayokufa, waya ukiwa mzima.

Chevrolet Camaro za 1993 hadi 2002 zenye giaboksi ya gia nne ni mfano mzuri. Kebo yake inapita sakafuni na kuishia chini, jirani na joto la ekzosi. Porsche 928, iliyotengenezwa kuanzia 1977 hadi 1995, ina safari ndefu zaidi: giaboksi yake iko nyuma, hivyo kebo inakwenda kutoka kwenye mkono wa gia hadi nyuma ya gari kabla ya kufika kwenye bushi yake.

Sasa weka gari kama hilo Riyadh. Mchana wa Julai joto hupita nyuzi 43 kivulini, lami ina moto wake, injini ina wake, na hewa ni kavu yenye vumbi. Mpira unakauka, plastiki inakuwa kama biskuti. Siku moja unavuta kutoka P kwenda D, unasikia "tak", na mkono wa gia unalegea kama kijiko ndani ya kikombe cha chai. Kilomita mia tisa na ushei upande wa magharibi, Jeddah, mambo hugeuka. Huko bahari iko mlangoni, hewa ina unyevu na chumvi, na adui wa kebo ni kutu inayoingia ndani ya ala. Kwa hiyo kebo ya Jeddah hupenda kutoa taarifa mapema: gia inakuwa nzito wiki hadi wiki, kama mlango wa kabati lililovimba. Ya Riyadh hukatika bila kuaga. Ukinunua gari lililoishi pwani, jaribu uzito wa mkono wa gia kabla hujauliza lolote kuhusu injini.

Hatari yenyewe si usumbufu wa kukwama. Kebo ikiachia, giaboksi hubaki katika gia ya mwisho iliyokuwamo. Wewe umeweka P, ufunguo umetoka, unashuka zako, kumbe chini bado ni D, au ni R. Hakuna kilicholishika gari isipokuwa handbreki, na wenye magari ya otomatiki tuna tabia ya kuisahau. Juni 2022 kampuni ya Ford iliita takriban magari milioni 2.9 nchini Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu ya bushi ya aina hii hii. Hayakuwa ya spoti wala makuukuu. Dawa yao ilikuwa bushi mpya na kifuniko cha kuikinga.

Jinsi ya kujua? Vuta handbreki, weka kabari mbele na nyuma ya matairi, inua gari kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi imara, kamwe si jeki peke yake. Injini iwe imezimwa. Mmoja akae ndani achezeshe mkono wa gia, mwingine atazame kile kijiti. Mkono ukienda na kijiti kikatulia, giaboksi haina kesi ya kujibu. Ishara nyingine: starta inagoma ukiwa P. Katika magari mengi swichi inayoruhusu starta iko kwenye giaboksi, na haidanganyiki kwa kuangalia mkono wa gia.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokusaidia kuliko unavyodhani. Eneo la gereji mijini Saudia huitwa sinaiyya, mzizi uleule uliotupa "sanaa" na "msanii". Ukisema "gia" utaeleweka, maana nao wanasema "gir". Sote tumekopa kwa Mwingereza. Kebo ni "silk al-gir", yaani waya wa gia, na bushi ni "jilba". Wanapouza vipuri vya magari yaliyokatwa ni "tashlih", neno linalotokana na kuvua nguo, na ukiyaona magari yenyewe yamesimama bila milango wala boneti utakubali kwamba jina limestahili.

Tashlih ni pazuri kwa kioo au kiti. Kwa kebo mimi ningesita: kebo ya Camaro iliyochinjwa imekaa kwenye jua lilelile miaka ileile. Afadhali bushi mpya, ambayo kwa magari mengi hupachikwa bila kung'oa kebo, au kebo mpya nzima ikiwa ala imepasuka au waya umeanza kuchanua nyuzi. Fundi anayefunga kwa waya wa kawaida au tai za plastiki amekusaidia kufika nyumbani tu. Mshukuru, kisha usilale nayo.

Kazi ya kufunga ni ya saa chache. Ugumu uko kwenye kurekebisha urefu. Mkono wa gia na kijiti viwekwe kwenye nafasi moja, P au N kama kitabu cha gari kinavyotaka, ndipo kifungio cha kebo kikazwe. Ikipungua au kuzidi kidogo, gia inakaa nusunusu na giaboksi, iliyokuwa nzima siku zote, inaanza kuungua kwa kweli. Kama kebo inapita karibu na ekzosi, hakikisha bati la kuzuia joto limerudishwa. Mafundi wengi huliacha pembeni kwa sababu skrubu zake zina kutu.

Kabla ya kulipa, jaribu mwenyewe. Breki ikiwa imekanyagwa, injini iwake kwenye P na N tu, na igome kwingine kote. Taa nyeupe za nyuma ziwake kwenye R. Halafu tafuta kilima kidogo kisicho na watu, weka P, achia breki taratibu mguu ukiwa bado juu yake, na usikilize.