Je, Wajua? Baragumu Lililodhaniwa Kukosea

Je, wajua ya kuwa sauti moja ya baragumu, iliyodhaniwa kuwa ni kosa la mpigaji, ilikuwa imekusudiwa na mtunzi tangu mwanzo, na kwamba ushahidi wake umo katika daftari la rasimu?

Ludwig van Beethoven, alipokuwa akitunga Simfoni yake ya 3, iitwayo Eroica, mnamo mwaka 1803, alijaza kurasa kwa kurasa za daftari, akiandika, akifuta na kuandika tena. Katika mazoezi ya kwanza, mwanafunzi wake Ferdinand Ries, aliyekuwa amesimama kando yake, alisikia baragumu likirejea wimbo mkuu wa sehemu ya kwanza hali fidla zingali katika mwafaka mwingine wa sauti. Akadhani mpigaji amekosea hesabu, akamlaumu waziwazi, na kama alivyosimulia mwenyewe, nusura apigwe kofi na ustadhi wake.

Walakini mwanazuoni Gustav Nottebohm, aliyechapisha uchunguzi wa daftari hilo mwaka 1880, alibainisha ya kuwa mwingilio ule wa baragumu ulikuwamo tangu rasimu za awali, kabla sehemu kubwa ya muziki unaouzunguka haijapata umbo lake.

Daftari hilo, ambalo leo limehifadhiwa katika Maktaba ya Jagiellonia mjini Kraków, nchini Polandi, latufunza ya kwamba ufasaha tunaoustaajabia ni tunda la subira, na kwamba lililo geni masikioni huenda ndilo lililofikiriwa zaidi.