Kidonge Kipya, Kidonge cha Zamani na Lango la Kliniki

Yeoville, Johannesburg

Tarehe 4 Novemba mwaka 2025, Mahakama Kuu ya Johannesburg ililipiga marufuku kundi la Operation Dudula kuwadai watu vitambulisho na kuwazuia kuingia katika hospitali na kliniki za umma. Katika miezi iliyotangulia, wanachama wa kundi hilo walikuwa wakisimama kwenye malango ya vituo vya afya mkoani Gauteng na kuwarudisha wale waliowaona kuwa ni wageni. Wengi wetu hapa Yeoville tuliipokea hukumu hiyo kama habari ya siasa za uhamiaji. Lakini kwa ndugu zetu wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, lango la kliniki ni suala la uhai na mauti. Wao hawaendi kliniki wanapougua tu, bali wanatakiwa kwenda kupimwa damu mara kwa mara hata wakijisikia wazima.

Ndiyo maana katika makala haya tumeona ni vyema tulitazame swali ambalo limekuwa likizungumzwa sana miongoni mwetu. Je, vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, ambavyo havihitaji kipimo cha kila mwezi, vinaweza kuchukua nafasi ya dawa ya zamani, warfarini? Jibu fupi ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vinaweza, tena kwa ubora zaidi. Kwa wengine, wakiwemo vijana wengi wa Afrika wenye ugonjwa wa moyo, haviwezi. Kukosea hapo kunaweza kugharimu maisha.

Kwanza tueleze dawa hizi zinafanya nini. Watu husema ni dawa za "kulainisha damu", lakini kwa hakika haziifanyi damu kuwa nyepesi. Kazi yake ni kuchelewesha kuganda. Moyo unapopiga bila mpangilio, damu hutuama ndani ya vyumba vyake na kufanya bonge. Bonge hilo likisafiri hadi kwenye ubongo, mtu hupatwa na kiharusi. Bonge likitokea kwenye mshipa wa mguu linaweza kupanda hadi mapafuni na kuua ghafla. Vilevile mtu aliyewekewa vali bandia ya moyo iliyotengenezwa kwa madini hulazimika kutumia dawa hizi maisha yake yote, kwa sababu damu huelekea kuganda juu ya kitu hicho kigeni.

Historia ya warfarini ina ajabu yake. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walivuja damu hadi kufa baada ya kula malisho yaliyooza. Mwanakemia Karl Paul Link wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wenzake walikigundua kiini cha sumu hiyo, na mwaka 1948 warfarini ikaingia sokoni kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa matibabu ya binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya kupata shambulio la moyo.

Dawa hiyo hulizuia ini kuitumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Faida zake ni kwamba bei yake ni ndogo, imetumika kwa zaidi ya miaka 70, na ikizidi mwilini daktari anaweza kuipunguza nguvu kwa kumpa mgonjwa vitamini K. Tatizo lake ni kwamba nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni finyu mno. Hupimwa kwa namba iitwayo INR. Mtu asiyetumia dawa huwa na takribani 1, na wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo bonge linaweza kutokea, na ikipanda sana mgonjwa anaweza kuvuja damu hata kwenye ubongo.

Namba hiyo huyumbishwa na mambo mengi, na la kwanza ni chakula. Sombe ya Wakongomani, ambayo Watanzania huiita kisamvu, lengalenga au mchicha, matembele, sukuma wiki, yote ni majani ya kijani, na majani ya kijani ndiyo yenye vitamini K kwa wingi. Baadhi ya wagonjwa wakisikia hivyo huacha mboga kabisa, na hilo ni kosa. Wataalamu wanachosisitiza ni kiasi kisichobadilika. Anayekula mboga kila siku aendelee hivyohivyo na kipimo cha dawa kitapangwa kulingana na mlo wake. Hatari ni kukaa wiki tatu bila mboga kisha kula sahani tatu za sombe kwenye msiba.

Ama vidonge vipya, cha kwanza kuenea kilikuwa dabigatrani, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa wagonjwa wa mapigo yasiyo na mpangilio. Kikafuatiwa na rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Hivi havipiti njia ya vitamini K, bali hushambulia moja kwa moja protini moja ya kugandisha damu. Kwa hiyo mboga si tatizo, kipimo cha dawa hakibadilishwi kila mara, na INR haihitajiki. Katika utafiti wa apiksabani uliotangazwa mwaka 2011 ukiwa na wagonjwa 18,201, kidonge hicho kilipunguza viharusi na mabonge kwa asilimia 21 kikilinganishwa na warfarini, na kuvuja damu kwingi kwa asilimia 31. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliviingiza vidonge hivi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hata hivyo, navyo vina masharti. Nguvu yake hudumu muda mfupi, hivyo anayeruka siku moja hubaki bila kinga. Rivaroksabani ya kuzuia kiharusi humezwa pamoja na chakula. Dabigatrani hutolewa zaidi na figo, kwa hiyo figo lazima zipimwe. Na bei yake, hata pale ambapo nakala za bei nafuu zimeshatoka, kwa kawaida ni kubwa kuliko ya warfarini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Tafiti za awali zilizovipa sifa vidonge hivi ziliwaacha nje wagonjwa wenye vali bandia za madini na wale ambao vali ya mitrali ya moyo imebanwa sana. Katika nchi tajiri kundi hilo ni dogo, lakini kwetu ni kubwa, kwa sababu ya homa ya rumatiki. Homa hiyo huanza na maambukizi ya koo ya mtoto yasiyotibiwa kwa penisilini, na miaka baadaye huacha vali za moyo zikiwa na makovu. Utafiti uitwao REMEDY, uliofanywa katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa aina hiyo walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na takribani theluthi mbili walikuwa wanawake.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kujaribu dabigatrani kwa wenye vali za madini, na jaribio lilikuwa limesimamishwa kabla ya wakati kwa sababu mabonge na kuvuja damu vilizidi. Kisha mwaka 2022 yakatolewa matokeo ya INVICTUS, utafiti wa wagonjwa wapatao 4,500 wa moyo wa rumatiki katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walitarajia kidonge kipya kingeshinda. Waliotumia rivaroksabani walikufa 552, na waliotumia dawa za jadi kama warfarini walikufa 442. Sababu haijathibitishwa, lakini mojawapo ya maelezo yaliyotajwa ni kwamba waliopimwa INR kila mwezi walionana na wahudumu wa afya mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo tunaporudi langoni. Kama kukutana na muuguzi kila mwezi ni sehemu ya tiba, basi anayemzuia mgonjwa nje ya kliniki anamnyima dawa hata kama vidonge anavyo mfukoni. Mama wa miaka 30 mwenye vali ya madini hawezi kwenda duka la dawa la mtaa wa Rockey akanunua kidonge kipya ili kukwepa fujo. Kidonge hicho si chake. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Imeandikwa "kila mtu", si "kila raia".

Nyumbani nako kuna malango yake. Mgonjwa wa Uvira au Fizi ana barabara mbovu na vita, na wa kijijini Tanzania ana safari ndefu na nauli kabla ya kuifikia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam.

Tunamalizia kwa nasaha chache. Usiache wala kubadilisha dawa kwa ushauri wa jirani, na muulize daktari vali zako zikoje. Mweleze kama unatumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU, kwani rifampisini hupunguza nguvu ya warfarini na ya vidonge vipya pia. Jihadhari na diklofenaki, aspirini na dawa za mitishamba. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amwone daktari mapema, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni na vidonge vipya havishauriwi. Mara nyingi hutumika sindano za heparini. Ukiona kinyesi cheusi au mkojo wa damu, au ukijigonga kichwa, nenda hospitali bila kungoja.

Na sisi tulio wazima tunao wajibu pia. Siku ya kipimo, mgonjwa asiende peke yake. Tumsindikize hadi aingie.